Sindano ya Mama Chooni

Kila asubuhi kabla ya chai, mama yangu, Restuta, hujichoma sindano ya insulini tumboni. Ana kisukari tangu nikiwa darasa la kwanza. Tunaishi Kizota, na yeye ni msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha mafuta ya alizeti. Majirani huuonea wivu mshahara wake mnono.

Jumamosi moja alikwenda kazini akasahau sindano ya mchana nyumbani. Alinipigia simu nimpelekee, ila tukutane kwenye choo cha nyuma ya kiwanda. Sakafu ya choo hicho ilikuwa na maji machafu, nzi wamejaa, na harufu ilinikaba. Mama alikunja blauzi akajichoma palepale. Karibu na kitovu alikuwa na jipu linalotoa usaha.

Nilimuuliza kwa nini anajichomea mahali kama pale.

"Wakubwa wa kazi hawajui kwamba naumwa. Wakijua wataniondoa," alisema. "Kazi hii ndiyo inayoninunulia dawa, Loisi, na ndiyo inayonifanya nijifiche. Nikiiacha, dawa nitapata wapi?"

Akaniagiza nikiulizwa alipo niseme anaongea na mteja kwenye simu.

Kinyaa kilinizidi. Mtu anayeongoza wafanyakazi arobaini anajibanza na nzi, na mimi nimsaidie kudanganya!

Nje nilikutana na meneja, Bwana Halfani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza mama yuko wapi.

"Yuko chooni anajichoma insulini," nilisema. "Na ana jipu."

Mama alitoka akanikazia macho. Bwana Halfani alimuuliza ameanza lini kujichomea humo. Mama akajibu kwamba ni tangu aajiriwe, miaka minne.

"Miaka minne humo ndani, Mama Loisi?" Bwana Halfani alikunja uso. "Na chumba cha huduma ya kwanza kipo pale. Zamu za usiku nitakuondoa, na posho yake utaikosa. Kazi yako ipo."

Alimpeleka zahanati siku hiyohiyo. Muuguzi alilipasua jipu, akasema wangechelewa wiki moja tu, sumu ingeingia kwenye damu.

Jioni mama hakunigombeza. Alikula kwanza, kisha akaniita.

"Ukificha ugonjwa unaulea," alisema. "Kuugua si aibu, mwanangu. Aibu ni kumtuma mtoto akaseme uongo."