Nyumba ya Kumi na Moja

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu ya kumkaripia mtu, Kalamu na mama yake walikuwa wameshaanika nguo za watu ishirini. Mama alikuwa dobi. Jina la Kalamu, binti huyo alipewa na mtaa kwa sababu ya mwandiko wake. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride, na mwenyewe alijua, na kwa kujua huko alikuwa hasemeki.

Jumamosi hiyo nguo zilikataa kukauka. Juu ya mtaa hapakuwa na tone la mvua, lakini kule vilimani wingu jeusi lilikuwa limekaa kitako kwa siku ya tatu. Mfereji mkubwa nyuma ya nyumba, ambao juzi watoto waliuruka kwa mguu mmoja, ulikuwa umejaa maji ya kahawia yanayonuka udongo wa mbali.

"Mama, kwetu hakunyeshi. Maji haya yanatoka wapi?"

"Ikinyesha juu, mwanangu, hufurika chini. Shika ncha ya shuka."

Kiti cha mbao kikapita mferejini, miguu juu. Mama alikitazama mpaka kikapotea.

Mtaa ulikuwa umejiandaa. Kwenye karakana ya mchomeleaji vyuma kilining'inia kipande cha reli. Kikigongwa mfululizo, kila mtu aache alichoshika, apande shuleni, kule juu kilimani. Tena majuma mawili yaliyopita, Mama Mjumbe, kiongozi wa mtaa, alikuwa amempa Kalamu karatasi.

"Ingia kila nyumba," alimwambia. "Kaa, uliza. Nani hawezi kutembea, nani ana mtoto mchanga, nani anaishi peke yake. Karatasi hii ndiyo itakayotuambia nani abebwe na nani. Usiniandikie ya kuambiwa, mwanangu. Niandikie ya kuona."

Nyumba kumi Kalamu aliingia, akakaa, akauliza. Ya kumi na moja ilikuwa ya fundi saa.

Watoto walimwita Bwana Maringo. Ukimwamkia shikamoo, ungeweza kuota mvi ukisubiri marahaba. Mlango ulikuwa wazi, Kalamu akapiga hodi mara tatu. Fundi alikuwa ndani, amempa mgongo, kainamia meza yake. Hakugeuka. Wakati huo wenzake Kalamu walikuwa wameshaanza kuruka kamba, na kicheko chao kilimfikia hadi pale.

"Kama hataki wageni, shauri yake," Kalamu alinung'unika. Akaandika, kwa mwandiko wa kupendeza macho: *Mtu mmoja. Mzima. Hana shida.*

Sasa, Jumamosi hiyo, saa saba mchana, reli ikalia.

Watu walitoka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, ila kila mmoja alijua pa kwenda. Maseremala wawili walimbeba bibi wa nyumba ya tatu juu ya kiti chake, naye akiwafokea wasimwangushe kama gunia la mkaa. Mama wa mapacha alipokewa pacha mmoja na jirani. Mama yake Kalamu aliziangalia nguo za watu kwenye kamba, akaziacha, akamshika bintiye mkono.

Walipofika shuleni, mfereji ulikuwa umevunja kingo. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kimyakimya, yakitambaa uchochoro kwa uchochoro kama mwizi anayejaribu milango.

Mama Mjumbe akafungua karatasi, akaita nyumba moja moja. Watu waliitika. Akafika chini ya orodha.

"Fundi saa?"

Kimya.

"Huyo kasikia, kakataa tu," alisema mwanamume mmoja. "Maringo hayana dawa."

"Labda bado anaonja saa!" alidakia Kijiko, rafiki yake Kalamu, mvulana mwenye mdomo usio na mlango. Watoto wakacheka. Fundi yule alikuwa na tabia ya kubana saa kwa meno, akafumba macho, kana kwamba anapima chumvi ya mchuzi.

Kalamu naye alicheka. Kisha akaacha ghafla.

Watu wote huweka saa sikioni. Ni nani atakayeiweka menoni? Ni yule tu ambaye sikio limemgomea, akabaki kuusikiliza mtikisiko kwa mifupa. Hodi zile tatu, shikamoo zile zote… Na reli!

Angenyamaza, nani angejua? Karatasi ilisema mzima, hana shida. Lakini kule chini maji yalikuwa yameshafika madirishani.

"Mama Mjumbe," alisema. "Nyumba ya kumi na moja sikuingia. Nilibuni. Yule mzee… nadhani hasikii."

Mama yake alimtazama kwa macho ambayo Kalamu angeyabadilisha kwa viboko kumi.

"Hayo baadaye," Mama Mjumbe alisema. "Mchomeleaji! Maseremala! Kamba!"

Wanaume watatu wakateremka wakiwa wamefungana kamba moja viunoni. Kalamu alitaka kuwafuata, mama akamdaka kwa ukosi wa gauni. "Wewe tulia hapa. Tusije tukatafuta wawili."

"Msimwite!" Kalamu alipaza sauti. "Mguseni bega!"

Kutoka juu waliwaona wakizama hadi viunoni, halafu vifuani. Kisha hawakuwaona tena. Ukuta mmoja ulianguka mahali fulani, na hakuna aliyeweza kusema ni wa nani. Kalamu alihesabu mpaka mia, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Kijiko ndiye aliyewaona kwanza. "Wanne! Wako wanne!"

Fundi saa alikuwa katikati, amejitwika kichwani kopo la saa za watu. Alifika juu akitetemeka, akaanza kusimulia kwa sauti kubwa, kama watu wasiojisikia wanavyosema.

"Nilihisi miguu baridi, nikadhani bomba limepasuka! Kuusukuma mlango, maji yameshauzuia kwa nje!" Akafuta uso. "Miaka miwili sasa masikio haya yananigomea. Sikumwambia mtu. Fundi asiyesikia saa, nani atamletea saa?"

Kalamu alipiga magoti mbele yake, akakumbuka kwamba maneno hayatafika. Akaichukua karatasi mkononi mwa Mama Mjumbe, akaigeuza, akaandika nyuma yake: *Sikuingia kwako. Niliandika uongo. Nisamehe.*

Mzee alisoma polepole.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Lakini ule wa kwanza nusura uniue." Kisha akamwekea mkono kichwani, mkono baridi kama bati la asubuhi, akauacha hapo kitambo.

Siku mbili baadaye maji yalipungua. Mchomeleaji alipangusa vyuma vyake, akaendelea na kazi. Mama yake Kalamu alizunguka nyumba ishirini kuomba radhi kwa nguo zilizochukuliwa na maji, na Kalamu alizunguka naye, hatua kwa hatua. Pacha mmoja alikuwa akikohoa. Fundi saa hakuwa na ukuta wa nyuma.

Blanketi za msaada zilipoletwa, mwanamume yule yule wa juzi akasema, "Zigawanywe sawasawa. Maji si yalikuwa yale yale?"

"Maji yalikuwa yale yale," Mama Mjumbe alijibu. "Sisi ndio hatukuwa sawa. Kwa mwenye nyumba kilimani yalikuwa habari ya kusimulia. Kwa dobi yamebeba kazi na heshima. Kwa asiyesikia yalikuwa kifo kilichoingia bila kubisha. Balaa ni moja, lakini humkuta kila mmoja mahali pake. Ndiyo maana tunauliza nyumba kwa nyumba, na ndiyo maana anayeuliza hana ruhusa ya kubuni."

Akamgeukia Kalamu, akampa karatasi mpya.

"Ulisema kweli ukiwa na aibu, na kweli ile imemwokoa mtu. Ila ukweli wa mapema hauhitaji kamba. Nenda kaulize upya, nyumba zote. Utakapokosa jibu mlangoni, usiondoke. Ingia uone kwa nini."

Kule vilimani kulikuwa kumeanza kunguruma tena. Kalamu hakungoja kuambiwa mara ya pili.