Dawa Niliyompa Upendo

Nyumbani kwetu Makuyuni, mimi ndiye ninayesoma maandishi ya dawa. Nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la usiku, baada ya kazi za shamba. Majirani huniletea dawa zao niwasomee. Jambo hilo lilinitia kiburi.

Asubuhi moja, mkwe wangu Efrazia alikuwa akikoroga uji. Mwanawe Upendo, mwenye miezi kumi, alikuwa mgongoni. Mtoto alikuwa na mafua na kikohozi. Mimi pia nilikuwa na mafua, na nilikuwa nikimlisha kwa kijiko changu. Siku hiyo alitapika, kisha akaharisha maji matupu.

"Baba, nimpeleke zahanati," alisema Efrazia.

"Kwa kuharisha tu? Ninazo rangi mbili, vile vidonge vya kuua vijidudu. Zilibaki nilipoumia mguu."

Nilifungua kidonge kimoja, nikamwaga unga wake kwenye uji, nikamlisha.

"Maji usimpe," nikasema. "Ukimnywesha, ataharisha zaidi."

"Lakini baba, midomo imemkauka."

"Udaktari umesomea wapi wewe?"

Akamfunga tena mtoto mgongoni.

Kesho yake macho ya Upendo yalikuwa yamezama. Alilia bila machozi. Safari hii Efrazia hakuniuliza. Alimwita Ukasha, jirani yetu mwenye bodaboda. Nami nikapanda nyuma yao.

Zahanati tulimkuta muuguzi, Hafsa. Alifinya ngozi ya tumbo la mtoto. Ikarudi polepole.

"Amepungukiwa maji huyu! Alipewa nini?"

Efrazia alitazama chini. "Rangi mbili. Na maji nilimnyima."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, nesi."

Nilikuwa nimekaa kando yake. Hafsa alimfokea mbele ya watu. Akina mama kwenye benchi wakasonya. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Hafsa alikoroga pakiti ya chumvichumvi, dawa ya kurudisha maji mwilini, katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Upendo alinyweshwa kijiko kimoja kimoja. Akitapika, walisubiri dakika kumi, wakaanza tena taratibu.

"Ugonjwa huu umeletwa na virusi," Hafsa alieleza. "Rangi mbili haiui virusi. Hatari ni mwili kukaukiwa maji. Mnyonyeshe, na kila akiharisha mpe chumvichumvi. Vidonge hivi vya zinki mpe kimoja kila siku, mpaka viishe. Asipoweza kunywa, akipumua haraka au akiharisha damu, mlete mbio. Na mnawe kwa sabuni. Virusi vya kuharisha na vya mafua hupita kwenye mikono na vyombo."

Mchana Upendo alikojoa. Akalia, machozi yakatoka.

"Mama, ukirudia tena utamzika," Hafsa alimwambia Efrazia.

"Nimesikia, nesi."

Hapo nilisimama.

"Nesi, mama huyu alitaka kuja jana. Mimi nilimkatalia. Dawa nilimpa mimi. Maji nilimnyima mimi."

Benchi zima likanigeukia. Kisha bibi mmoja akasema, "Mzee, mdomo ulimwazima nani tangu asubuhi?"

Wakacheka. Nilistahili.

Hafsa alimgeukia Efrazia. "Nisamehe, mama. Mbona hukusema?"

"Ni baba mkwe wangu. Ningemsemaje mbele za watu?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko. Rangi mbili zilizobaki mfukoni nilimkabidhi Hafsa.

Jioni, nyumbani, nilinyoosha mkono nichukue kikombe cha mtoto.

"Baba, nawa kwanza," alisema Efrazia.

Hakuwahi kuniamuru tangu aolewe. Nilinawa kwa sabuni, mikono yote miwili, yeye akinitazama. Ndipo akanipa kijiko kisafi, cha mtoto peke yake. Nilimnywesha Upendo taratibu, nikigeuza uso kila nilipotaka kukohoa.

Siku ya nne kuharisha kulikoma. Upendo alitambaa hadi miguuni pangu, akataka kubebwa. Nilimtazama mama yake kwanza.

"Mbebe tu, baba," akasema.

Nikambeba. Alikuwa mwepesi mno.