Gizani Umeniona?

Shoga yangu mmoja, fundi cherehani, alimwapia hakimu kifua mbele kwamba uso wa muuaji aliuona waziwazi, na usiku ule umeme ulikatika, giza la kutiana vidole machoni! Kinyozi wa watu akafungwa maisha. Akitolewa na pingu zake, alimwinamia shoga yangu: "Dada, gizani umeniona? Basi utaniona."

Alifia gerezani.

Juzi mchana shoga yangu aliingia stoo kuchukua uzi. Mlango ukajifunga, taa ikazimika. Akasikia pingu zikilia, kacha, kacha, zinasogea. Akainua kiganja mbele ya macho, hakukiona. Lakini uso wa yule kinyozi aliuona wote, mpaka kope. Ulikuwa hapo hapo, kati ya kiganja na macho yake.