Kipima Nguvu Chekundu

Kila Jumamosi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Patrobas hufungua bucha yake katika Soko la Burma, akafuta meza, kisha akaning'iniza jiwe la mizani kwenye ndoano. Watu huliita jiwe, lakini ni chuma cha kilo tano. Mshale ukisimama kwenye tano, Patrobas hutikisa kichwa kuonyesha ameridhika, na hapo ndipo nyama huanza kupimwa. Binti yake Khavere, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, humsaidia kufungia wateja nyama kabla ya kwenda mazoezini. Shughuli hiyo ameiona tangu hajajua kusoma.

Ameiona pia nyongeza. Baba yake akishapima kilo ya mtu, hukata kipande kingine kidogo na kukitupia juu. "Haya, mama, hicho ni cha mtoto," husema. Wateja hutoka kotekote wakapita bucha nyingine wakija kwake kwa ajili ya kipande hicho. Khavere alikua akiamini kwamba mizani inayomwongezea mtu haina dhambi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya triathlon, yaani mashindano ambayo mtu huogelea, akaendesha baiskeli, kisha akakimbia, yote bila kupumzika. Ukiwauliza majirani zao wa mtaa wa Umoja, watakuambia hiyo ni adhabu ya watu walioshiba. Lakini watoto wa klabu ya Kocha Nduta waliipenda adhabu hiyo. Walikuwa na baiskeli moja tu ya maana, na waliipokezana kwenye uwanja wa ukumbi wa jamii, ikiwa imefungwa juu ya stendi ili mtu akanyage pedali bila kwenda popote.

Mwaka huo habari kubwa ilikuwa kambi ya Agosti huko Naivasha. Kila klabu ingepeleka mtoto mmoja asiyezidi miaka kumi na minne, na watakaofanya vizuri wangelipiwa karo ya sekondari ya juu. Waandaaji hawakutaka maneno matamu ya makocha. Walitaka namba za kipima nguvu.

Wanachama wa zamani wa klabu walichanga. Maingi, kijana anayeuza vipuri vya baiskeli Kariobangi, akaleta vipima nguvu viwili vilivyotumika, kimoja cheusi na kingine chekundu. "Vijaribuni kwanza," alisema. "Mkishachagua kimoja, kile kingine nirudishieni."

Kocha Nduta aliwakusanya watoto. "Kidude hiki hufungwa kwenye mkono wa pedali," alieleza. "Kinahisi nguvu ya mguu wako, kisha kinatuma namba kwenye skrini hapa juu ya usukani. Sasa nisikilizeni. Kizuri si kile kinachotoa namba kubwa. Kizuri ni kile kinachosema jambo lile lile asubuhi na mchana, kivulini na juani. Tutaning'iniza uzito mmoja kwenye pedali, kisha tuone kama kitabadilisha maneno."

Akamgeukia Khavere. "Wewe ni mtoto wa bucha, mambo ya mizani yako damuni. Muombe baba akuazime jiwe lake. Kazi hii ni yako."

Khavere alivimba kichwa, na nani asingevimba? Siku iliyofuata, Kocha akiwa bwawani na watoto wadogo, alibaki uwanjani peke yake na baiskeli, vidude viwili na jiwe la baba. Asubuhi, kivulini, vyote viwili vilitoa namba sawa. Mchana aliisogeza baiskeli juani, akasubiri mpaka chuma kikawa hakishikiki. Cheusi kilisema kile kile kilichosema asubuhi. Chekundu kikapanda. Akarudia, kikapanda tena. Hapakuwa na la kuuliza: chekundu kilikuwa cha uongo, na jua ndilo lililokifanya kidanganye.

Kazi ingekuwa imekwisha hapo kama Khavere asingepanda baiskeli. Alipanda "kujaribu tu". Alikanyaga juani kwa nguvu zake zote, akatazama skrini, akaona namba ambayo hajawahi kuiota. Ilizidi hata ile aliyoitoa Mbithe jana yake, vidude vilipoletwa.

Mbithe alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, na pia ndiye aliyemshinda kila mara. Alikuwa na miaka kumi na minne, gredi ya tisa, miguu myembamba isiyojua kuchoka. Kuanzia mchana alimsaidia mama yake dukani, hivyo mazoezi yake ya baiskeli yalikuwa ya asubuhi, kabla jua halijaingia uwanjani. Khavere yeye alifanya mchana. Alisimama pale akiwaza saa hizo mbili. Kidude hiki hakimpunguzii Mbithe hata kidogo, alijiambia. Kinaniongezea mimi tu, kama nyongeza ya baba. Mtu akitaka kudanganya, wa kwanza kudanganywa huwa yeye mwenyewe.

Kocha aliporudi, nywele zikimtiririka maji, aliuliza, "Enhe, mtoto wa bucha! Tuchukue kipi?"

"Chekundu, Kocha."

"Kimevumilia jua?"

"Kimevumilia."

Kocha hakurudia kupima. Alimwamini. Jioni hiyo cheusi kikarudishwa Kariobangi.

Majaribio yalifanyika mwezi mzima. Mbithe alikanyaga asubuhi, akatoa namba nzuri, za kweli. Khavere alikanyaga mchana, namba zikaruka juu. Mbithe aliposikia, alicheka na kumpiga begani. "Manze, Khave! Unakula nini siku hizi? Si uniambie na mimi nile!" Alicheka, lakini kesho yake alikuja mapema zaidi, akakanyaga mpaka akatapika kando ya stendi. Namba yake haikufika.

Jina la Khavere likapelekwa Naivasha. Siku ya safari Mbithe alimbebea mkoba mpaka barabarani, akampa miwani yake ya kuogelea kwa sababu ya Khavere ilikuwa inavuja. "Enda utuwakilishe, Khave," alisema. "Usituangushe." Khavere aliipokea ile miwani. Sijui aliipokea kwa mkono gani, lakini aliipokea.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye ukumbi wa kambi, mbele ya baiskeli zilizopangwa safu, kila moja na kipima nguvu chake kisichojua baba wa mtu anauza nini. Kila mtoto alikanyaga. Namba ya Khavere ilitoka chini sana ya ile iliyoandikwa kando ya jina lake. Kocha Owiti, mkuu wa kambi, alidhani ni uchovu wa safari. Akampumzisha, akampima tena kesho yake. Namba ikawa ile ile.

"Binti, hizi namba za kwenu mlizipata wapi?" aliuliza bila ukali.

"Nahisi naumwa," Khavere akasema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Alirudishwa nyumbani. Nafasi yake haikukaa wazi. Siku ile ile aliitwa mtoto wa klabu nyingine aliyekuwa akisubiri.

Kocha Nduta alipoijaribu baiskeli mwenyewe, asubuhi na mchana, aliugundua ugonjwa wa kile kidude. Akawaita watoto wote. Khavere alijua sasa ameumbuliwa, akainamisha kichwa. Lakini Kocha alisema, "Mwenzenu msimcheke. Alipima vizuri. Huyu Maingi ametuuzia kitu kibovu, kilichoharibika mara tu baada ya kupimwa. Tumedanganywa sote."

Mbithe alikuja akaketi karibu naye. "Pole," alimnong'oneza. "Si makosa yako. Hata wewe umechezwa." Akamshika mkono. Khavere alitamani Mbithe angempiga kofi badala yake.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Patrobas alikuwa amevua aproni, amefunga bucha mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Nakwenda Kariobangi," alimwambia mkewe, mishipa ikiwa imemsimama. "Huyo kijana atanieleza mbele ya wateja wake. Mtoto wangu amerudishwa kama mwizi kwa ajili ya vitu vyake vibovu! Nitahakikisha hakuna mtu anunuaye kwake tena."

Khavere alimwona baba yake akivaa viatu. Alimwona Maingi pia, akilini, akisema "vijaribuni kwanza".

"Baba, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Maingi hana makosa. Jiwe lilionyesha. Chekundu kilipanda juani tangu siku ya kwanza. Mimi ndimi niliyemwambia Kocha kwamba ni kizuri."

Patrobas alibaki na kiatu kimoja mguuni. Mama yake Khavere alijishika mdomo.

"Na jiwe langu ndilo lililotumika?" baba aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Lakini nilifikiri... kidude kile hakikumpunguzia mtu. Kilikuwa kinaongeza tu. Kama wewe unavyowaongezea watu nyama."

Hapo Patrobas aliumia hasa, na uso wake haukuficha. "Khavere," alisema, "ile nyama ninayoongeza ni yangu. Naikata kwenye faida yangu, na jioni napungukiwa mimi. Hiyo ya kwako uliikata kwa nani?"

Khavere alilia. Baba yake hakumbembeleza. Alivaa kiatu cha pili, akasema, "Nawa uso. Tunakwenda."

Walianzia kwa Kocha Nduta. Alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho. Halafu akampigia simu Kocha Owiti papo hapo, akaeleza yote bila kujitetea, akaomba kama Mbithe angeweza kupokelewa hata kwa kuchelewa. Jibu lilikuwa la upole, nalo lilikuwa hapana. Kambi ilikuwa imejaa. Na mwakani? Mwakani Mbithe angekuwa na miaka kumi na mitano.

Kutoka hapo walikwenda Kariobangi na kile chekundu. Maingi alikuwa bado na kile cheusi. Alishangaa kuombwa radhi kwa tuhuma ambayo hata hajaisikia, akabadilisha kidude bila maneno mengi. "Chekundu nitakirudisha kwa aliyeniuzia," alisema. "Mngeniambia mapema tu."

Dukani kwa kina Mbithe, Patrobas alibaki nje. Mbithe alikuwa akipanga sabuni kwenye rafu, mama yake akiwa kaunta. Khavere aliamkia, akaweka ile miwani juu ya kaunta, akasema yote, mbiombio, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mbithe hakugeuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Hata ile siku nilikubebea mkoba?"

"Hata siku hiyo."

Mbithe aliweka sabuni moja, kisha nyingine. "Wewe ulikuwa na mwaka ujao," alisema. "Mimi nilikuwa na huu tu." Akaingia chumba cha nyuma, na hakutoka tena.

"Asante kwa kuja kusema, Khavere," Mama Mbithe alisema, sauti ikimkatika. "Sasa nenda nyumbani, mwanangu. Leo siwezi kukuongelesha zaidi."

Jumamosi iliyofuata kidude cheusi kilifungwa kwenye baiskeli. Kocha mwenyewe alikipima kwa uzito, kivulini na juani, watoto wote wakishuhudia, akatangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna kipimo kitakachofanywa na mtu mmoja peke yake. "Na hilo ni kosa langu," aliongeza. "Kumwamini mtoto si vibaya. Vibaya ni kumwachia peke yake mzigo unaomhusu mwenyewe." Kisha akauliza nani angependa kuanza. Mbithe alipanda bila kuitwa.

Alikanyaga akitazama ukuta. Alipomaliza, Kocha aliisoma namba kwa sauti, na ilikuwa kubwa kuliko namba yoyote ya kweli iliyowahi kutoka katika klabu hiyo. Ingemfikisha Naivasha na chenji ikabaki. Hakuna aliyepiga makofi, maana hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Mbithe alijifuta jasho, akampita Khavere bila kumtazama, akaenda zake dukani.

Khavere alibaki amesimama karibu na stendi. "Kocha," aliuliza kwa sauti ndogo, "kwani atanisamehe lini?"

Kocha Nduta hakumdanganya. "Sijui. Labda karibuni, labda kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki, Khavere. Kwa kusema ukweli umeliokoa jina la Maingi, umetupa kipimo kizuri, na umenifunza nami. Lakini nafasi ya Mbithe haikurudi, kwa sababu ukweli wako ulifika baada ya basi kuondoka. Ungeusema siku ile ya jiwe, ungekugharimu namba kubwa tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Uwe mtu wa kuaminika kuanzia leo," Kocha alisema, "hata kama yeye hatakuamini tena. Ukingoja asamehe kwanza ndipo uwe mwaminifu, utakuwa bado unajipimia mwenyewe." Akamkabidhi kitambaa, na Khavere akainama kuifuta baiskeli jasho la Mbithe.