Mtani wa Safari ya Mirihi

Kilemba cha hisia kilipomkaa sawasawa kichwani, Kondo Mwinshehe alijikuta katikati ya mtaa wenye wakazi elfu tisa, na muuza vitumbua mmoja anamwita kwa jina. Mafuta yananukia kabisa. Kitumbua alichopewa kilimchoma ulimi. Na muda wote huo mwili wake ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya karakana mjini Tabora, mwaka 2091, viatu amevua na mdomoni hana kitu.

Tuseme ukweli, Nyamizi Kapela alikuwa fundi. Usimpende ukitaka, ila ufundi wake mpe. Mchezo wake mpya aliuita Mtaa, na wakazi wake wote, aliowaita wenyeji, waliendeshwa na akiliunde, kila mmoja na tabia yake, wivu wake na kumbukumbu isiyofutika. Ukimwambia kinyozi leo kwamba goti linakuuma, baada ya miezi miwili atakuuliza linaendeleaje.

Tatizo la Nyamizi lilikuwa mdomo. Mchezo wake uliotangulia aliutangaza kuwa una milango laki moja, na yote inafunguka. Watu walipoingia wakakuta inafunguka mia nne, iliyobaki imechorwa tu ukutani. Tangu siku hiyo, Tabora nzima, mtu akikudanganya unamwambia, "Huo mlango wa Nyamizi."

Ndiyo maana Kondo, mkaguzi wa Shirika la Safari za Anga, alipanda treni ya umeme kutoka Kibaha kuja kujionea mwenyewe. Mtaa ulikuwa umependekezwa kwenda Mirihi. Safari ya kwanza, watu thelathini na wanane kutoka nchi kumi walikaa miaka mitatu chomboni wakistahiana kama wageni mezani, hakuna wa kumtania mwenzake. Walirudi wazima wa mwili, lakini maneno yaliwaisha. Mmoja alikaa sebuleni na mkewe mwaka mzima akijibu "sawa" tu. Safari ya pili ilikuwa iondoke baada ya miezi saba, na jina la kumi na mbili kwenye orodha lilikuwa Mwanahawa Kondo, binti yake wa pekee.

Nyamizi aliandika ahadi kumi. Kondo alizikagua kwa siku nne. Alifungua milango mpaka mkono ukamchoka. Aligombana na seremala kwa makusudi, kesho yake akarudi, seremala akamnunia kwelikweli. Ahadi nane zilikuwa kweli tupu, na Kondo, mtu asiyejua kusifu, alijikuta anatikisa kichwa peke yake kwa kustaajabu. Ya tisa ilisema mchezo hautahitaji fundi chomboni, na kwa kuiamini Shirika lilikuwa limeacha wazi kiti cha fundi wa burudani. Ya kumi ilisema Mtaa unajua utani, ule wa makabila, mpaka wa msibani.

"Nimefiwa na mama, Mzaramo wa Kisarawe," Kondo alimwambia muuza vitumbua.

Hakuwa anatunga. Walimzika Kisarawe miezi minne iliyopita, na mpaka leo alikuwa hajalia. Muuza vitumbua alimpa pole. Kinyozi akampa pole. Hata seremala aliweka nuno lake pembeni, akampa pole. Pole nzuri, laini, zinazofanana. Kondo alianza kutafuta kitufe cha kutokea.

Hapo ajuza mmoja akachomoza kwenye kona, khanga kajitanda, akajilaza chini katikati ya njia.

"Hapiti mtu hapa," alisema. "Nani kamruhusu Mzaramo kufa bila kutuaga sisi Wanyamwezi? Haya, alikuwa anapenda nini huyo?"

Ajuza akangoja, Kondo akitafuta neno. Ilichukua muda.

"Ugoro," alisema. "Na kusema watu."

Ajuza aliinuka, akapinda mgongo, akabana ugoro wa uongo, akapiga chafya tatu, halafu akaanza kuwasema majirani wa Kisarawe mmoja mmoja. Sauti ilikuwa ile ile ya bibi anayejua mambo ya watu. "Mmemzika mapema," alimaliza. "Kule chini hakuna ngoma. Mzaramo huyo atarudi."

Kondo alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kikageuka kilio, akalia kama alivyopaswa kulia miezi minne nyuma.

Alipovua kilemba uso ulikuwa umelowa. Lakini mkaguzi ni mkaguzi. Wenyeji wote hawakuweza kuvumilia kimya, ukinyamaza kidogo wanakuuliza kitu. Ajuza yule alimngoja. Kondo alisimama pekupeku, akaenda kuvuta pazia la pembeni. Nyamizi alikuwa amekaa nyuma yake, ana kilemba cha pili mapajani, macho mekundu.

"Ulikuwa wewe," Kondo alisema.

"Nilikuwa mimi, mzee. Akiliunde nimeifundisha miaka sita. Matani yote inayajua, kabila kwa kabila. Lakini mtu akifiwa inaogopa kumkosea, basi inampa pole."

"Na Mirihi? Sauti ya kutoka hapa inafika huko baada ya dakika nyingi. Utamtania nani?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo umedanganya tena."

"Nimedanganya."

Kondo alikasirika sana. Alishika kalamu aandike hapana. Kisha akamfikiria Mwanahawa, miaka mitatu anapewa pole na kinyozi, anarudi nyumbani anajibu "sawa". Kalamu ikabaki hewani.

"Kiti cha fundi kiko wazi," alisema. "Nenda wewe."

Chumba cha pili mtu alikohoa, kikohozi cha uzee. "Nyamizi," sauti iliuliza, "nani huyo alikuwa analia?"

"Mgeni, mama." Nyamizi akapunguza sauti. "Ana miaka tisini na mmoja, na amenizaa peke yangu. Ile ahadi ya tisa niliiandika ili nisiondoke. Nikienda, mzee, sitamkuta."

Kondo alikaa chini. Hasira zilimwisha zote, akamwonea huruma waziwazi.

"Mama yangu alichimbiwa kaburi na Wanyamwezi wawili nisiowajua," alisema. "Walisikia tu Mzaramo kafa, wakaja. Mmoja aliingia mle akalala, akasema halitoshi. Nenda, Nyamizi. Nitakuja kumwangalia kila mwezi. Siku ikifika nitamzika mimi, mtani wake, nitavaa gauni lake, nizunguke Tabora yote nikimsema."

"Wazaramo mna maneno mengi. Nitakuaminije?"

Kondo alikuwa na siku nne na vipimo vya kila aina vya kukagua ahadi za mwenzake. Nyamizi alikuwa na uso wa Kondo tu wa kutazama. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha alichukua kalamu mkononi mwa Kondo, akaandika jina lake kwenye orodha, penye kiti cha fundi.

"Mama," aliita, "njoo umwone Mzaramo atakayekuzika."

Bibi alitoka taratibu akishika ukuta. Alimkagua Kondo kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu isiyo na viatu.

"Huyu?" alisema. "Mtafutieni kwanza wa kumshikia jembe."