Jini Afuataye Pakavu

Unga ule haukupaswa kunuka. Ulikuwa peke yake kwenye chupa ya kioo, haujawahi kukutana na boksi lolote, umewekwa pembeni ili ulinganishwe na wenzake. Lakini Mpimaji alipofungua kifuniko, harufu ya ubani na nywele zilizoungua ilimpanda puani.

"Nani kachezea chupa yangu?"

Mwenzake wa meza ya pili akacheka. "Labda maboksi yako yana jini, kaamka na njaa."

Kazi ya Mpimaji ilikuwa kuchunguza kama wino na gundi za maboksi huhamia kwenye vyakula vikavu. Hufungia kipande cha boksi pamoja na unga bila kugusana, akavitia joto kwenye oveni, kisha akapima kilichohama. Maana kemikali haihitaji kugusa. Hupaa kama harufu, ikatafuta pakavu pa kukaa. Maboksi ya safari hii yalitengenezwa kwa makaratasi chakavu yaliyookotwa popote. Ndani ya oveni kitu kilikuwa kikikwaruza, kwaru, kwaru, kama ukucha kwenye katoni. Alipofungua mlango, kimya.

Aliporudi nyumbani alimkuta bintiye hajatamka neno kutwa nzima. Mtoto waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko! Midomo imempasuka, ngozi imepauka kama iliyopakwa chokaa, analia bila chozi. Maji waliyomnywesha yalipotelea kinywani kama yaliyomwagwa mchangani, wala koo halikucheza.

"Amekula nini?" Mpimaji aliuliza, ingawa moyo ulishajua.

"Uji tu," mumewe akanong'ona. "Ule unga wa pakiti ulizoleta, zilizobaki kazini kwako."

Hospitali walimtundikia dripu. Ilipoisha, mtoto alikuwa mkavu kuliko alivyoingia. Ndipo wakakimbilia kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke aliyesifika kwa kutoa majini. Alimnusa mtoto utosini, akarudi nyuma hadi akagonga cherehani yake.

"Jini huyu hataki dawa zangu," alisema kwa sauti ya chini. "Anafuata ukavu. Alikuwa kwenye makaratasi, akahamia kwenye unga, sasa yumo humu. Atamkausha mwanao mpaka apukutike."

"Mtoe, mama! Nakuomba!"

"Nimpeleke wapi? Hatoki mpaka aone pakavu zaidi. Na mimi, mwanangu, nina wajukuu."

Mpimaji hakubisha. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote, kumwekea mhamaji pa kuhamia. Akaacha kunywa maji. Mumewe alimsihi, akamletea kikombe mpaka mdomoni, akakikataa. Na ulimi ulipoanza kumshika kaakaani alijifungia na Chiriku kwenye chumba chenye paa la bati, adhuhuri, madirisha yamefungwa, jiko la mkaa limewashwa mlangoni, akamkumbatia mtoto kifua kwa kifua huku jasho likimtoka, likipungua, likikatika kabisa, na ule mkwaruzo ukaanza ndani ya mbavu za mwanawe, kwaru, kwaru, ukisogea, ukisita, ukinusa, hata akausikia umevuka na kuanza kukwaruza mbavu zake mwenyewe.

Chiriku akakohoa. "Mama, maji."

Baba mtu aliusukuma mlango kwa bega. Mtoto akanywa, yakammwagikia kifuani, akadai mengine, akaanza kuuliza kwa nini chumba kina joto na kwa nini baba analia. Baba alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mchukue," Mpimaji alisema kwa taabu. "Nendeni kwa dada yako. Usigeuke."

"Na wewe je, mke wangu? Nitakuachaje hapa?"

Mpimaji akafumbua mdomo kumjibu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee wa kiume, tulivu, yenye adabu zote:

"Nenda salama, mume mwenzangu. Humu nimeshahamia."