Nusu Yenye Macho

Siku ya ukaguzi wa usafi Fuatino aliamka kabla kengele ya kanisa haijalia. Aliomba, kisha akafagia uwanja. Akatandika mikeka na kupanga juu yake vitu ambavyo Kamati ya Akina Mama hutaka kuviona: vyandarua, taulo, sahani, ndoo zenye vifuniko, na sabuni ya kuogea.

Fuatino hakuzaliwa katika kijiji hicho cha Salepulu. Aliolewa hapo. Mke aliyetoka kijiji kingine hutazamwa sana. Akikosea, watu hawasemi kwamba yeye amekosea. Husema ameuaibisha ukoo wa mumewe. Alikuwa na miaka saba katika nyumba hiyo, na ukoo wao ulikuwa haujatajwa hata mara moja kati ya nyumba safi. Kila alipopiga magoti, alimwomba Mungu amwondolee aibu hiyo.

Safari hii mama mkwe wake, Bibi Sieni, hakuwa na wasiwasi. Binti yake Lupe, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, Auckland, alikuwa ametuma chupa sita za sabuni ya maji ya kuogea. Zilikuwa chupa za kubonyeza, na zilinukia maua. Bibi Sieni alizionyesha kwa kila mgeni.

Lakini nyumbani walikuwa watu sita. Kila mmoja alibonyeza mara nne, mara tano, na nusu ya sabuni iliteleza mkononi ikaenda na maji. Mwezi haukuisha, chupa zote zikawa tupu. Bibi Sieni alikataa zitupwe, kwa kuwa zilitoka kwa mwanawe. Nne zilirundikwa nyuma ya jiko bila vifuniko.

Asubuhi ile Bibi Sieni alizichukua mbili zilizobaki. Akazijaza maji, akazitikisa mpaka zikatoa povu, akaziweka mbele kabisa ya mkeka.

"Mama, wakibonyeza je?" Fuatino aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani atabonyeza? Wale huangalia tu, wanapita."

Fuatino akarudi kunyoosha taulo.

Akina mama walifika wamevaa sare zao. Mbele alitangulia Makerita, mwenyekiti wao, ambaye alikuwa nesi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alihesabu vyandarua, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainama, akabonyeza chupa. Maji matupu yalimrukia kiganjani.

Kisha jirani yao Vaelua, ambaye ulimi wake haukupumzika hata kanisani, akasema taratibu, "Sabuni ya Sieni imeokoka. Imebatizwa kwa maji mengi."

Wote wakacheka. Bibi Sieni alitazama miguu yake. Makerita hakucheka. Alizunguka nyuma ya jiko, akaokota chupa moja na kumimina maji ya mvua yaliyokuwa ndani yake. Viluwiluwi vya mbu vilichezacheza kiganjani mwake.

Siku hiyo ukoo wao ulisomwa kati ya nyumba zitakazokaguliwa tena baada ya mwezi mmoja. Fuatino alilisikia jina la mume wake, Falaniko, likisomwa mbele ya watu. Alihisi kwamba kila jicho lilikuwa likimtafuta yeye.

Kesho yake mchana Makerita alirudi peke yake. Mkononi alishika kipande kikubwa cha sabuni. Alikaa mkekani, akakubali shelisheli na chai, ndipo akaanza kusema.

Alisema sehemu kubwa ya sabuni ya maji ni maji, na maji hapo kijijini yapo tele. Chupa ikiisha, inabaki pale pale, na mvua ikiijaza inakuwa nyumba ya mbu. Mbu hao ndio wanaoleta homa ya dengi. Sabuni ya kipande inasafisha mwili vilevile. Ikiisha, imeisha, haiachi chupa.

Bibi Sieni alikunja uso. "Kipande kimoja kipite miili sita? Huo si uchafu, Makerita?"

"Kisuuze kwa maji kabla ya kujipaka, na ukisuuze tena ukimaliza. Inatosha," Makerita alijibu. "Mwenye kidonda awe na kipande chake. Kitu msichopaswa kuazimana ni taulo."

Kabla ya kuondoka alimgeukia Fuatino. "Kumbuka neno moja, mwanangu. Sabuni isilale majini. Ikikauka kati ya mtu na mtu, itawafaa siku nyingi."

Fuatino alitaka kuipa sabuni ile heshima yake. Akachukua kifuu cha nazi kizuri kuliko vyote, kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, ambacho wageni hunywea. Akaiweka humo, karibu na bomba la kuogea.

Siku ya tatu Bibi Sieni alitoka kuoga na kifuu mkononi. Ndani yake mlikuwa na ujiuji mweupe.

"Hii ndiyo sabuni ya Makerita? Huu ni uji. Lete kijiko, tunywe."

Falaniko alicheka, kisha akamwona mke wake, akanyamaza. Fuatino alienda jikoni. Hakulia, ila alisema na Mungu wake kimoyomoyo: Bwana, nionyeshe. Sitaki kuaibika mara ya pili.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kuandaa chakula cha Jumapili. Akavunja nazi na kuanza kukuna. Kila nazi hutoa nusu mbili. Nusu isiyo na macho hufanywa kikombe. Nusu yenye macho, vile vidoa vitatu vya nchani, hutupwa motoni, kwa sababu inavuja. Fuatino alisuuza nusu yenye macho, na maji yakachuruzika kupitia jicho moja lililo laini mpaka miguuni pake.

Mkono wake ukasimama. Inavuja.

Akachukua msumari, akayatoboa na macho mawili yaliyobaki. Akatandika ndani nyuzi za makumbi ili sabuni isigusane na kifuu. Akakifunga kwa kamba, akakitundika mahali penye upepo, mbali na maji ya bomba. Falaniko akanunua kipande kingine, akakikata katikati. Nusu moja waliitumia. Nyingine waliiacha wazi rafuni ili izidi kukauka na kuwa ngumu.

Jumapili ya pili ilifika, na ile nusu ya kwanza ilikuwa bado ngumu mkononi. Bibi Sieni aliishika, akaigeuza, akairudisha bila kusema kitu. Jioni hiyo, baada ya sala, alizikusanya chupa zote sita mwenyewe. Akamwaga maji yake, akazikanyaga, akazitia kwenye gunia la gari la taka. Kisha akampigia simu Lupe, akamwambia asitume tena sabuni ya maji.

Siku ya ukaguzi wa pili, Makerita alienda moja kwa moja kwenye bomba. Akainua sabuni. Ilikuwa kavu. Akapitisha kidole chini ya kifuu. Pakavu. Nyuma ya jiko hapakuwa na chupa hata moja.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

Fuatino aliinamisha kichwa. Kwa desturi angejibu mwenye nyumba, na jibu lingekuwa: ukoo wetu. Bibi Sieni alinyoosha mgongo.

"Ni Fuatino," alisema. "Binti wa watu wa Matavela. Mtoto wangu."

Katika miaka saba, hakuwahi kukitaja kijiji cha mkwewe mbele ya watu.

Makerita akatangaza kwamba mkutano ujao wa Kamati utafanyika katika nyumba hiyo, na kila mama aje na kifuu. Vaelua akauliza kama na yeye anaweza kutobolewa cha kwake.

"Njoo," Bibi Sieni alimjibu. "Lakini ulimi wako uache kwako."

Mkutano ulipofika, akina mama ishirini na wawili walikaa mkekani, kila mmoja na nusu yenye macho mapajani. Katikati yao alikaa Fuatino, msumari mkononi, akiwaonyesha pa kutoboa.